Figo ya Fundi Pampu

Jibu la tatu lilitoka maabara asubuhi ya Jumanne, nalo lilikuwa baya kuliko la pili, ambalo pia lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Kachero alilisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Bingwa, akalisoma tena baada ya kuvuta kiti, kana kwamba tarakimu zingeona haya na kujirekebisha. Hazikuona haya. Kriatinini ya Fundi Pampu ilikuwa imepanda tena.

Kachero alikuwa daktari kamili anayesomea ubingwa wa magonjwa ya figo. Jina hilo alipachikwa na wenzake, kwa sababu mgonjwa akimwambia amelala vizuri, yeye huuliza alilalia ubavu gani na nani shahidi. Mkuu wake, Bingwa, alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Inasemekana aliwahi kutambua figo mbovu kwa kusikiliza tu mtu akipanda ngazi. Wanaolisimulia jambo hilo huongeza ghorofa moja kila mara, na kwa sasa jengo limeshafika mawinguni.

Utata wa kesi ulikuwa hapa: Fundi Pampu hakuwa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mkewe, aliyejulikana na wodi nzima kwa jina la Mwalimu. Figo zake zilikuwa zimejaa vifuko vya maji mithili ya vichala vya zabibu, ugonjwa aliourithi kwa baba yake, naye alikuwa akiishi kwa mashine ya kusafisha damu. Watoto wao wawili walikuwa na vifuko hivyo hivyo. Mdogo wake wa kike pia. Katika ukoo mzima aliyebaki wa kumpa figo ni mumewe, ambaye hakuwa na uhusiano wa damu naye hata chembe, ila kwa bahati ya ajabu vipimo vyao vilioana. Kilichobaki ni kamati ya upandikizaji, ambayo ingekaa Alhamisi. Na kamati ile, ikiona kriatinini inapanda kila mtoaji akipimwa, humfuta kwa kalamu nyekundu bila kumeza mate.

"Kriatinini ni nani?" akauliza Bingwa. Kufundisha kwake kulikuwa hivyo, alimwita kila mshukiwa kwa zamu.

"Takataka ya misuli. Misuli inaitengeneza, figo inaitoa nje."

"Ikijaa kwenye damu?"

"Figo inashukiwa."

"Inashukiwa. Haya, nieleze eneo la tukio."

Eneo la tukio lilikuwa safi mno. Mkojo wa fundi haukuwa na protini wala damu. Kwenye ultrasaundi figo zake zilionekana mbili, nono, zimetulia kila moja upande wake kama mito juu ya kitanda kilichotandikwa. Presha ilikuwa ya kijana. Yurea, takataka ya protini ya chakula, ilikuwa imepanda kidogo sana, kama ya mtu aliyetoka kula vizuri. Kachero alivisoma vyote hivyo kwa sauti, na Bingwa akafumba macho.

"Tuna shahidi mmoja anayepiga kelele kwamba mtu ameuawa," akasema, "na huyo mtu tunamwona anapita barabarani anapiga mluzi. Ama shahidi anasema kweli na sisi hatuoni, ama kuna mtu amemnunua shahidi. Nenda kanitafutie. Na ukiniletea hisia badala ya ushahidi, nakurudisha kupima mikojo mpaka ustaafu."

Jambo la kwanza lilikuwa kuhakikisha damu ni ya mwenyewe. Jumanne ilikuwa siku ya Mwalimu kusafishwa damu, na mumewe huwa anamleta, kwa hiyo Kachero alimkuta fundi kwenye benchi la ukumbini. Akamtoa damu kwa mkono wake mwenyewe, akabandika jina mbele ya macho yake, akakitembeza kile kichupa hadi maabara akiwa amekizungushia viganja kama mtu aliyebeba yai la mwisho duniani. Mtaalamu wa maabara alinuna. Alisema hajawahi kuchanganya damu za watu tangu aanze kazi, na kwamba kama madaktari wameanza kusindikiza vichupa basi walete na king'ora. Lakini alipima. Jibu lilikuwa lile lile. Njia hiyo ikafungwa.

Alipotoka maabara, Redio alikuwa anamsubiri.

Redio ndiye mdogo wake Mwalimu. Sauti yake iliweza kuamsha tofali ukutani, na habari ikiingia kwake asubuhi, mchana hata waliosafiri wanayo. Siku hiyo, cha kushangaza, aliongea kwa kunong'ona. Alimvuta Kachero mpaka nyuma ya mlango wa ghala la mashuka.

"Mwanangu, huyu shemeji yangu anaziua figo zake makusudi," akasema.

Mengine aliyamwaga bila kituo. Alikuwa amepita karakana kwa shemeji yake jioni moja, akachungulia dirishani, akamwona anatoa kopo nyuma ya makopo ya grisi. Akachota unga mweupe, akaukoroga ndani ya maji, akanywa akiwa amefumba macho kama anayemeza dhambi. Sasa ni wiki na wiki, kila jioni anachelewa kurudi. Na akirudi, ameoga. Redio alilirudia hilo la kuoga kwa uzito wa mwendesha mashtaka. Fundi wa pampu anatoka nyumbani mchafu, anarudi ananukia sabuni. Alishaanza kudhani kuna mwanamke, akamfuatilia, hakumwona mwanamke. Ndipo akaelewa. Mtu anaogopa kisu. Kusema anaogopa anaona haya, maana ameshajitangaza mtaa mzima. Basi anaiharibu damu polepole ili hospitali ndiyo ikatae, naye abaki na sifa na figo zote mbili.

Kachero alikiri kimoyomoyo kwamba ni kesi nzuri. Ilikuwa na sababu, ilikuwa na silaha, ilikuwa na nafasi. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeambiwa haya.

Redio akatazama mashuka. "Nimemwambia dada. Ningefanyaje? Mimi ningempa ya kwangu leo hii, lakini na mimi zangu ni hizo hizo za baba."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote karibu na dirisha, mashine ikizungusha damu yake kwenye mirija. Kabla ya kustaafu alifundisha sayansi shule ya sekondari, na hata sasa manesi walikuwa wakinyoosha kola wanapopita mbele yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshachoka. Mshipa uliotengenezwa humo kwa ajili ya sindano uliziba zamani. Wa kulia nao ulianza kusinyaa. Kachero alipouwekea kidole, mtetemo wa damu ulikuwa umepungua tangu mara ya mwisho. Wote wawili walijua maana yake: ukiziba na huo, mashine itakosa pa kuingilia.

"Nifutie jina langu kwenye orodha ya kamati," Mwalimu akasema.

Kachero akajifanya hajasikia.

"Daktari, nimesema unifutie. Mimi nimeishi na yule mtu tangu ana nywele. Hajawahi kunificha hata spana. Sasa kama imefika mahali anakunywa sumu mafichoni ili asinipe, basi asinipe. Nitaibebaje tumboni figo ya kulazimisha? Kila nikienda haja nitakuwa namwomba radhi."

Kachero hakuwa na ruhusa ya kumweleza majibu ya mumewe. Katika kazi ile, mambo ya mtoaji ni ya mtoaji, hata kama mpokeaji ni mkewe na wanalala kitanda kimoja. Akamwomba tu asiandike chochote kabla kamati haijakaa. Mwalimu alimtazama kwa jicho analomtazamia mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani, kisha akageukia dirishani.

Fundi Pampu alihojiwa katika chumba cha kupimia presha, Sista, nesi wa zamu, akiwa kazini. Alikuwa mwanaume wa miaka hamsini na ushee, mpole, mwenye mikono myeusi kwa mafuta yasiyotoka hata kwa petroli. Alivaa shati la mistari ya bluu, lile lile analovaa kila siku ya hospitali, kwa sababu aliamini hospitali inataka heshima.

Kachero alianza mbali. Aliuliza habari za goti. Fundi hupiga magoti juu ya saruji kutwa nzima, na zamani alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kama karanga. Hapo kulikuwa na mshukiwa wa maana. Vidonge vile vinaweza kuinyonga figo kimya kimya, mkojo ukabaki safi kama wa malaika. Lakini fundi alisema ameviacha tangu siku aliyokatazwa. Alitoa vyote vilivyokuwa mfukoni ili aaminiwe: boliti, kipande cha mpira, pipi iliyoshikana na karatasi.

"Dawa yoyote nyingine?"

"Hakuna."

"Ya mitishamba?"

"Hakuna, daktari."

"Ukitoka karakana jioni unapitia wapi?"

Sista alikuwa anamfunga mkanda wa presha mkononi, naye akapunguza mwendo ili asikie.

"Ninakuwa kazini," fundi akasema.

"Kazini mnaoga?"

Fundi akatazama viatu vyake. Wakati huo Sista akabonyeza pampu, mkanda ukajaa hewa, na ghafla ukaachia kwa mlio kama wa shati linalochanika. Akaufunga tena. Ukaachia tena. Sista akaguna, akaenda kabatini kuleta ule mpana wanaotumia kwa wanene.

Kachero hakuuliza swali jingine. Alikuwa anaangalia shati. Kifuani, vifungo vya bluu vilikuwa vimevutana kama watu wanaogombania kamba. Mikono ya shati ilikuwa imekazana kwenye nyama. Lakini tumboni kitambaa kilining'inia, kimelegea kabisa. Mtu akinenepa, kwa kawaida tumbo ndilo hutangulia. Hili halikutangulia.

Akamwacha aende zake. Usiku huo hakufungua kitabu. Alilala usingizi wa mtu aliyeshapata anuani.

Jumatano alikwenda karakana. Ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati, kilichojaa pampu za maji za kila umbo: zilizopasuliwa mezani, zilizoning'inizwa ukutani, na nyingine zimepangwa sakafuni kama wagonjwa wa nje wanaosubiri kuitwa. Kulinukia dizeli na chuma kilichokatwa. Fundi alikuwa anazozana na mteja, kwa hiyo Kachero akakaa juu ya tangi kuukuu na kusikiliza.

Mteja alikuwa amenunua pampu iliyotumika. Aliitaka sasa hivi, mimea yake inakauka. Aliiwasha mwenyewe, ikavuta maji vizuri, akasema inatosha. Fundi akaizima. Mteja akaiwasha. Fundi akachomoa waya, akautia mfukoni. Akaeleza kwa upole, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa, kwamba pampu ya mkononi, yaani iliyotumika, haitoki kwake bila kufunguliwa, kuoshwa ndani, kubadilishwa sili na beringi, na kutiwa grisi mpya. Ni kweli inafanya kazi. Lakini itakwenda kukaa nyumbani kwa mtu, itategemewa, na yeye hataki aibu. Mteja alitukana kidogo, akaenda zake kusubiri kesho. Kwa jinsi fundi alivyomsindikiza, ilionekana wateja wote hutukana kidogo na wote hurudi.

Kachero alisimama, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya grisi. Kopo lilikuwa nyuma, kubwa, jeusi, lina picha ya mwanaume asiye na shingo. Akalifungua. Unga mweupe. Akalisoma kopo upande wa nyuma, pale ambapo hakuna picha.

"Hiki ni nini, fundi?"

Fundi alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia mikono. Akakikunja mara mbili.

"Chakula."

"Cha nani?"

"Cha figo."

Kachero akarudi kukaa juu ya tangi.

"Daktari, tuambiane ukweli," fundi akasema. "Ile figo ni ya mkononi. Imetumika miaka yote hiyo, ndani ya mtu anayeshinda juani na kunywa maji siku akikumbuka. Nimpe mke wangu vilevile ilivyo? Yule mteja aliyetoka hapa sijui hata kwao ni wapi, na nimemkatalia. Sembuse Mwalimu?"

"Ukaamua kuifanyia sevisi."

"Nikaamua kuifanyia sevisi."

Basi yakatoka yote. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba cha kunyanyulia vyuma, na mwenyewe, mtu wa kifua kama kabati, alimhakikishia kwamba unga huo hujenga nyama. Fundi alitafakari. Buchani figo inauzwa pamoja na nyama, haiuzwi na mboga. Kwa hiyo figo nayo ni nyama. Akauliza kama unga pekee unatosha, akaambiwa hapana, lazima na kunyanyua. Akanyanyua. Kadiri siku ya kamati ilivyokaribia, akaongeza vijiko, akaongeza vyuma, akaongeza na mishikaki ya jioni ili figo isife njaa. Halafu anaoga hapo hapo kwa mwenye vyuma, asirudi nyumbani ananuka jasho akaulizwa ametoka wapi.

"Nilikuuliza kuhusu dawa," Kachero akasema.

"Na mimi nikakujibu. Hiyo si dawa, imeandikwa chakula. Soma."

Ilikuwa imeandikwa chakula. Kachero aliona wazi mahali upelelezi wake ulipopindia kona isiyo yake. Alikuwa amemuuliza mtu mkweli swali dogo, akapewa jibu dogo na la kweli. Kuanzia siku hiyo, hakuwahi tena kumuuliza mgonjwa anatumia dawa gani bila kumuuliza pia anakunywa nini, anakula nini, anapaka nini na anaficha nini.

Akamweleza kwa lugha ya karakana. Unga ule, ukiingia mwilini, sehemu yake hugeuka kriatinini, takataka ile ile inayopimwa. Misuli mipya nayo inatengeneza zaidi. Nyama iliyopikwa inaongeza juu yake. Hospitali imekaa inasoma geji, inaona sindano imepanda, inasema pampu imekufa, kumbe kuna mtu amesimama huku anamwaga maji kwenye geji.

Uso wa fundi ulishuka wote kwa pamoja.

"Nimeiharibu?"

Huyu ndiye mtu ambaye Redio alimshtaki kwa kuziua figo zake makusudi. Kachero alitamani sana kumwambia hapana.

"Nadhani hujaiharibu. Lakini kudhani hakusomwi kwenye kamati. Funga karakana, twende."

Bingwa alipolisikia neno sevisi, aliivua miwani, akafuta machozi kwa ncha ya koti, kisha akawa mkali papo hapo. Hiyo ni nadharia, alisema. Nzuri, tamu, lakini nadharia. Makopo ya namna ile huwa na vitu vingine ambavyo havikuandikwa. Kopo liende kwa mfamasia. Mkojo upimwe upya. Na yuko shahidi wa pili ambaye hajaitwa: sistatini, protini ndogo inayotengenezwa na seli za mwili mzima, isiyobabaishwa na misuli wala unga. Huyo akisema figo ni nzima, shahidi wa kwanza ametiliwa maneno mdomoni. Tatizo ni kwamba kipimo hicho hakikufanyika pale hospitalini. Damu ilibidi isafirishwe, na jibu lisingerudi kabla ya Alhamisi.

Alhamisi kamati ikakaa. Daktari wa upasuaji, ambaye hakupenda hadithi ndefu, alisema tarakimu ni tarakimu na mtoaji afutwe. Bingwa akamuuliza kama angekubali kufutwa yeye mwenyewe kwa kula mishikaki. Kachero alipewa nafasi ya kuongea, akavipanga vielelezo kimoja baada ya kingine: mkojo safi, figo nono, yurea ya mtu aliyekula, shati lililobana mikononi na kulegea tumboni, kopo. Hakusema ana uhakika. Alisema kwamba kesi ina njia ya kujaribiwa, na ni uonevu kutoa hukumu kabla ya jaribio. Wakampa mpaka kikao kijacho. Masharti: hakuna unga, hakuna vyuma, nyama kwa kiasi, na siku ya kupimwa asile nyama kabisa.

Fundi alikubali masharti yote isipokuwa ombi moja la Kachero, la kwamba amwambie mkewe. Alisema hawezi kumwambia amefanya nini kabla hajajua amefanya nini. Hapo hakuna sheria iliyoweza kumlazimisha, na Kachero mdomo wake ulikuwa umefungwa na kazi. Akaenda kwenye kile kiti cha dirishani.

"Mwalimu, naomba jina lako libaki mpaka kikao kijacho. Kwa nini, siruhusiwi kukwambia."

"Huruhusiwi, au hujui?"

"Siruhusiwi."

Mwalimu akamkagua kwa muda. "Basi libaki," akasema. "Ila usinitie moyo. Nitakaa hivi hivi."

Zilikuwa wiki ndefu. Mwenye chumba cha vyuma alikuja karakana kumtafuta mwanachama wake bora, akafukuzwa kwa pampu iliyomrushia maji. Redio, kwa kukosa habari mpya, alirudia za zamani. Mshipa wa mkono wa Mwalimu uliziba siku moja, ukazibuliwa kwa shida, na Sista akasema waziwazi kwamba mara ijayo hautakubali.

Mfamasia alirudisha jibu la kopo: unga ni ule ule ulioandikwa, hakuna mchanganyiko. Mkojo ulirudi safi. Kisha ikaja sistatini, kwenye bahasha ya hospitali ya mbali, na Kachero akaifungua mbele ya Bingwa kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Ilikuwa ya kawaida. Kriatinini ya mwisho, iliyopimwa fundi akiwa ameshakaa bila unga, bila vyuma, na ameshinda kwa mboga siku nzima, ilikuwa imeshuka mpaka pale ilipokuwa kabla ya balaa lote. Bingwa aliyaweka majibu mawili sambamba mezani, akayatazama kama babu anayetazama pacha.

"Mashahidi wamekubaliana," akasema. "Mtoaji ni mzima. Andika, nami nitatia sahihi. Halafu uende ukampe mwenye figo."

Kamati ikapitisha bila ubishi. Daktari wa upasuaji aliuliza tu kama fundi anaweza kumwangalizia pampu ya nyumbani.

Kachero alimkuta Fundi Pampu ukumbini, akamweleza kwa maneno machache. Figo zako ni nzima. Hukuziharibu. Hukuzinenepesha pia, zipo kama zilivyokuwa. Kamati imekubali. Fundi aliuliza mara mbili kuhusu kutoharibu, na mara moja, kwa sauti ya chini, kuhusu kutonenepesha. Kisha akavuta shati lake chini, akaingia chumba cha mashine kama mtu anayeitwa mbele ya darasa, Kachero nyuma yake.

Redio alikuwa amekaa kando ya dada yake. Alipomwona shemeji yake akabana midomo.

"Nataka kusema jambo," fundi akasema. "Ule unga. Shemeji aliuona kweli. Nilikuwa nakunywa."

Mwalimu hakugeuza kichwa. "Najua."

"Nilikuwa naifanyia sevisi."

"Ulikuwa unaifanyia nini?"

"Sevisi. Figo. Nisikupe ilivyo, imechoka. Nilitaka ikija kwako iwe imenona. Nikanyanyua na vyuma. Sasa wamepima. Haikunona. Lakini ni nzima, wamesema ni nzima, na kamati imekubali. Kama bado unaitaka."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya hospitali ile, Redio alikosa la kutangaza.

Mwalimu alimtazama mumewe kuanzia viatuni, akapanda polepole mpaka kwenye mabega, akayatazama yale mabega kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mwalimu wa sayansi. Ungenipa sifuri."

"Ningekupa sifuri," Mwalimu akasema. "Ningeiandika kwa wino mwekundu, na ningemwita mzazi wako." Sauti ilianza kumponyoka. "Niletee hiyo figo, fundi. Niletee ilivyo, usiiongeze kitu."

Ndipo kicheko kikamshinda. Kilianza mabegani, kikashuka mpaka kwenye mkono wenye sindano, mkono ukakunjika, mirija ikajikunja nao, na mashine ikapiga kelele huku taa nyekundu ikiwaka. Sista alikuja mbio, akaunyoosha mkono, akabonyeza kitufe, akamwambia Mwalimu atulie. Mwalimu akatulia. Akamwangalia mumewe, akalitazama tena lile shati, akaanza upya, na mashine nayo ikaanza upya.

Fundi Pampu akavuta stuli karibu. Akaushika mkono wa mkewe kwa mikono yake yote miwili, hapo juu ya kiwiko na hapo kwenye kifundo, akaulaza juu ya kiti jinsi anavyoshikilia bomba wakati boliti inaingia, ukanyooka kabisa, usitikisike hata kidogo. Mashine ikanyamaza, damu ikaendelea kuzunguka, naye akaushikilia hivyo hivyo mpaka mkewe alipomaliza kucheka.